Kabla ya Kununua Betri Nyingine



Safari hii hatuandiki juu ya mabwawa ya mchanga wala mizinga ya nyuki. Tunaandika juu ya gari. Vikundi kadhaa siku hizi vina gari, na gari ya kikundi kimoja tunachokitembelea upande wa Kitui Kusini ilitufunza jambo ambalo lilitugharimu sisi sote.

Ni Land Rover ya zamani ya dizeli. Kikundi hicho cha mwethya kiliinunua ikiwa imetumika, kwa pesa za asali na michango ya wanachama. Mchana inabeba asali na saruji, na usiku inabeba wagonjwa. Usiku mmoja wa mvua mama mmoja mjamzito alishikwa na uchungu. Dereva aliamshwa, akawasha taa, akazungusha ufunguo. Stata ikasema "ta!" mara moja, basi. Akajaribu tena. "Ta!" Vijana wakaitwa wasukume, lakini gari ilikuwa imeegeshwa kwenye mchanga na njia inapanda, na haikusonga hata hatua kumi. Mama alijifungulia nyumbani akisaidiwa na mkunga wa kijiji. Damu ilimtoka nyingi. Yeye na mtoto wako hai, lakini mpaka kulipopambazuka hakuna mtu aliyeketi chini katika boma lile.

Asubuhi pikapu ya mwenye duka ikaja na waya za kujampu. Waya nyekundu ikawekwa kwenye betri. Ile nyeusi ikabanwa kwenye chuma cha injini, kama inavyofaa, ili cheche zisitokee karibu na betri. Gari ikawaka mara moja. "Mnaona? Betri imekufa," watu wakasema. Hakuna aliyekumbuka kwamba usiku ule taa zilikuwa nyeupe pe, na hata stata iliposema "ta!" hazikufifia. Kumbukeni jambo hilo la taa, tutalirudia.

Mkutano ukaitwa. Betri mpya ikanunuliwa kwa shilingi 16,000. Baada ya wiki tatu gari ikakataa tena. Fundi mmoja akasema alteneta haichaji, ikanunuliwa alteneta iliyotumika, na pamoja na kazi ikawa shilingi 13,000. Haukupita mwezi, "ta!" ile ile. Sisi wa ofisi ya maendeleo ndio tuliosaini vocha zote mbili. Kwa choo cha shule au tangi la maji tungeuliza maswali ishirini. Kwa gari hatukuuliza hata moja, kwa sababu tulidhani mambo ya stima ya gari ni ya mafundi peke yao.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa misheni kwa miaka mingi. Alikuja na mita ndogo ya kupimia stima, kipande cha msasa na spana mbili. Tulikaa naye, tukamwuliza kila kitu, na baadaye tukajaribu wenyewe. Haya tunayoandika ni yale tuliyoyashika. Sisi si mafundi, lakini kupima hakuhitaji cheti.

Moto wa betri unatoka wapi

Betri ni ghala, si shamba. Yenyewe haizai stima, inaweka tu. Ukizungusha ufunguo, stata inachukua stima nyingi sana kwa sekunde chache, pengine ampia mia mbili au mia tatu kwa injini ya dizeli. Injini ikishawaka, mkanda wa feni unazungusha alteneta, na alteneta ndiyo inayozalisha. Inalisha taa, feni na vinginevyo, na kinachobaki kinarudi ghalani. Ndani yake kuna kifaa kinachoitwa regyuleta, ambacho mafundi wa zamani bado wanakiita katauti, na kazi yake ni kuzuia stima isizidi kiasi.

Ili stima izunguke inahitaji njia mbili: ya kwenda na ya kurudi. Njia ya kwenda ni ule waya mnene unaotoka kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha. Njia ya kurudi, ambayo watu wanaisahau, ni chuma chenyewe cha gari: injini, chasisi, bodi, na nyaya nene fupi zinazoviunganisha na kichwa cha kutoa cha betri. Hiyo ndiyo arthi. Ikiwa njia ya kurudi imeziba, ghala lijae namna gani, stata haizunguki. Na alteneta iwe mpya namna gani, ghala halijai.

Kwa hiyo gari ikikataa kuwaka kuna mashaka manne: ghala limekufa, alteneta haizalishi, njia imeziba, au kuna mwizi anayekula stima usiku gari ikiwa imesimama. Mkutano wetu ulikimbilia shaka la kwanza, kisha la pili. Yote mawili ndiyo ya gharama kubwa. Mzee alianzia la tatu, kwa sababu, alisema, hilo kulikagua ni bure.

Kwanza tahadhari

Betri inapochaji hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usiikaribie na sigara, kibiriti wala taa ya mafuta, na usichungulie ndani ya mashimo yake kwa mwali wa moto ili uone maji. Vua saa na pete. Unapofungua, anza na waya wa kutoa, na unapofunga, umalizie na huo huo, kwa maana spana ikigusa kichwa cha kujumlisha na bodi kwa pamoja, inaunguza kama chuma cha kuchomelea. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi mara hiyo hiyo. Ikiingia jichoni, endelea kuosha kwa muda mrefu, halafu nenda hospitali.

Na jambo moja tunaliandika kwa herufi kubwa: USIONDOE WAYA WA BETRI INJINI IKINGURUMA. Utaona mafundi wengine wakifanya hivyo, ati injini isipozimika basi alteneta ni nzima. Desturi hiyo ilitoka zamani za dainamo. Kwenye alteneta, ukiondoa betri ghafla stima inaruka juu, na inaweza kuunguza dayodi na regyuleta. Katika gari mpya zenye kompyuta hasara ni kubwa zaidi. Unaweza kuanza na alteneta nzima ukamaliza na mbovu, na fundi akakuambia, "Si nilisema?"

Macho na mikono

Kabla ya mita, tumia ulivyopewa bure. Fungua boneti, zima injini. Tazama mkanda wa feni. Ukiwa na nyufa, ukiwa unang'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, au umelowa oili, unateleza. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Mikanda mingi ya zamani ikibonyea kama sentimita moja iko sawa, na ikibonyea sana imelegea. Gari nyingine zina mkanda mpana wenye mifereji unaojikaza wenyewe, na huo hauna haja ya kukazwa kwa mkono. Mkanda unaolia "kwiiii" ukiwasha gari au ukiwasha taa za mbele unajitangaza wenyewe. Hapo tuongeze kwamba katika dizeli nyingi za zamani, hasa za Kijapani, ile pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe. Msiendelee kuteremka mlima na gari ya namna hiyo.

Kisha shika vibano vya betri uvizungushe kwa mkono. Kikizunguka hata kidogo, ni kibaya. Ukiona unga mweupe au wa kijani, changanya magadi na maji ya moto, mwagia hapo, usugue kwa brashi, suuza, na usiruhusu magadi yaingie ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, halafu paka mafuta mazito ya kujipaka kwa juu. Tunasema kwa juu. Tumeona watu wakipaka mafuta kwanza ndipo wanafunga, na hapo umeweka uchafu kati ya chuma na chuma.

Betri nayo ifungwe isicheze. Kwenye barabara zetu betri inayorukaruka haimalizi mwaka, kwa sababu sahani za ndani zinapukutika na masalia yake yanajikusanya chini mpaka yanagusanisha sahani. Maji yafunike sahani. Tumia maji ya betri ya dukani, yale yasiyo na chumvi wala asidi. Maji ya kisima cha kuchimbwa, ambayo sehemu nyingi za kwetu yana chumvi, yanaua betri, na kuongeza asidi juu ya asidi vile vile. Betri zilizofungwa kabisa hazina kifuniko cha kufungua, hizo muachane nazo.

Sasa mita

Mita ndogo ya namba inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya stima, na ya kawaida haizidi bei ya jogoo wawili. Iweke kwenye volti za moja kwa moja, alama ya 20. Kwanza hakikisha gari yako ni ya volti 12. Kuna Land Cruiser zilizotoka Japani na malori mengi ya volti 24, zenye betri mbili zilizofuatana. Kwa hizo, zidisha namba zetu mara mbili, na kamwe msijampu gari ya 12 kwa lori la 24.

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha gari, waya nyekundu ya mita kwenye kujumlisha na nyeusi kwenye kutoa, kwenye risasi yenyewe, si kwenye kibano. Ukisoma 12.6 au zaidi, betri imejaa. Karibu na 12.4, imebaki robo tatu. Kwa 12.2 imebaki nusu, kwa 12.0 robo tu, na chini ya hapo ni tupu. Tofauti zinaonekana ndogo lakini ndivyo ilivyo. Mtu anayesema "ina 12, iko sawa" amekosea.

Pili, mwache mwenzako azungushe stata huku wewe unatazama mita. Volti zitashuka, lakini zisiende chini ya 10 hivi. Betri iliyosoma 12.6 ikilala na ikaanguka mpaka 7 au 8 stata ikizunguka, hiyo imechoka kweli, inuni mfuko.

Tatu, injini ikinguruma na umekanyaga mafuta kidogo, pima tena pale pale kwenye betri. Isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni. Ikishuka kidogo ikabaki juu ya 13.5, alteneta inafanya kazi na moto unafika. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, moto haufiki. Ikipita 15, regyuleta imeharibika. Utasikia harufu ya mayai viza, maji yatakuwa yanakauka kila wiki na balbu zinaungua. Gari mpya zenye kompyuta zinaweza kupandisha na kushusha volti zenyewe, kwa hiyo kwa hizo msiogope namba moja tu, tazameni kwa muda.

Watu wengi wanaishia hapo. Wakiona 12.8 injini ikinguruma wanasema alteneta imekufa, na hapo ndipo kikundi chetu kilipopotezea shilingi 13,000.

Mahali moto unapopotelea

Mzee hakuondoa alteneta. Aliwasha injini, akawasha taa zote, akaweka ncha moja ya mita kwenye skrubu nene ya nyuma ya alteneta na nyingine kwenye mwili wa alteneta yenyewe. Ikasoma 14.2. "Huyu anafanya kazi yake," akasema. Akaenda kwenye betri chini ya kiti. Ikasoma 13.0. Volti moja na zaidi zimeanguka njiani. Swali likawa: njia ya kwenda au ya kurudi?

Hapa mita inatumiwa kwa namna ambayo kwanza ilitushangaza. Ncha zote mbili zinawekwa kwenye njia ile ile, moja kila mwisho. Njia ikiwa nzuri, mita inasoma karibu na sifuri, kwa sababu hakuna kinachopotea. Aliweka ncha moja kwenye ile skrubu nene ya alteneta na nyingine kwenye kichwa cha kujumlisha cha betri, kwa kuunganisha waya mrefu kwenye mita. Ikasoma 0.1. Ni nzuri. Tungeona zaidi ya 0.5 tungeukagua waya mnene wote. Akahamia upande wa kurudi, ncha moja kwenye mwili wa alteneta, nyingine kwenye kichwa cha kutoa cha betri. Hapo isingepaswa kuzidi 0.2. Ilisoma 1.1.

Akajilaza chini ya gari. Waya mpana uliosukwa, unaounganisha injini na chasisi, ulikuwa umeshikwa na bolti iliyomezwa na matope makavu. Chini ya matope kulikuwa na kutu. Nyuzi nusu zilikuwa zimekatika. Gari hiyo inavuka mito ya mchanga kama Tiva, na mvua ikinyesha inalowa mpaka tumboni, kisha inakauka na vumbi juu yake. Kila siku kutu ilikuwa inakula kidogo. Gari ikiegeshwa vizuri bolti inagusa na stata inazunguka. Ikipita mashimo inaachia. Ndiyo maana betri mpya "ilifanya kazi" wiki tatu, na alteneta nyingine karibu mwezi.

Sasa rudini kwenye usiku ule. Taa zilikuwa nyeupe na hazikufifia, kwa sababu taa zilirudisha stima yao kupitia bodi na chasisi ambazo zilikuwa nzima. Injini peke yake ndiyo iliyotengwa. Kama betri ingekuwa imekwisha moto, taa zingekuwa za manjano, na ukizungusha ufunguo zingezimika karibu kabisa. Ishara hiyo ilikuwa mbele ya macho ya watu kumi na wawili. Na ile kujampu ya asubuhi iliwasha gari kwa sababu waya nyeusi ilibanwa kwenye chuma cha injini, ikawa njia mpya ya kurudi. Stima ilitoka kwenye betri ya pikapu, lakini kilichosaidia ni kwamba ilirudi kwa waya huo bila kupita kwenye arthi yetu mbovu. Tulipoambiwa hivyo tulinyamaza kidogo.

Hivyo, hata bila mita kuna jaribio ambalo dereva yeyote anaweza kufanya usiku. Taa ziko nyeupe na stata inasema "ta!": hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, chukua waya mmoja tu wa kujampu, ubane mwisho mmoja kwenye kichwa cha kutoa cha betri na mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na mkanda na feni. Jaribu kuwasha. Ikizunguka, ugonjwa ni arthi. Isipozunguka, kagua kibano na waya wa kujumlisha, halafu stata yenyewe. Dalili nyingine ni joto. Baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa, gusa viungo kwa uangalifu. Kiungo kibaya kinakuwa moto. Wakati mwingine kebo ya mafuta au ya klachi ndiyo inayopata moto, kwa sababu stima ikikosa njia yake inapita kwa jirani.

Dawa ilikuwa kipande cha waya mpana uliosukwa, bolti mpya, na msasa mpaka chuma cha chasisi kikawa cheupe. Kazi yote haikufika saa moja.

Taa nyekundu ya dashibodi

Watu wanaitegemea sana taa ile yenye picha ya betri. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya injini kuwaka, lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya mwembamba wa alteneta umekatika. Katika Land Rover za zamani hilo si dogo, kwa sababu stima inayopita kwenye balbu hiyo ndiyo inayoiamsha alteneta. Balbu ya bei ya chai inaweza kukufanya uuziwe alteneta. Injini ikishawaka taa izimike. Ikibaki inawaka, kagua mkanda kwanza. Ikiwaka kwa mbali kama makaa yanayozimika, kuna shida ya dayodi, kaboni au regyuleta.

Lakini ikizimika haina maana kwamba betri inapata moto. Kwetu ilizimika kila siku, kwa sababu alteneta ilikuwa inazalisha. Taa haioni bolti yenye kutu.

Alteneta ikiwa ndiyo yenye makosa

Wakati mwingine ni yenyewe. Ukipima skrubu nene na mwili wake, injini ikinguruma, ukakuta 12 na kitu, mkanda ni mzuri na taa ya dashibodi inawaka inavyopaswa ufunguo ukifunguliwa, basi ipelekwe kwa fundi wa waya. Lakini mwambie aifungue, asikuuzie nyingine mara moja. Mara nyingi kilichokwisha ni kaboni mbili ndogo zinazosugua shaba ya ndani. Gari inayovuka maji yenye matope inazimaliza upesi, kwa sababu mchanga mwembamba unaingia na kusaga kama jiwe la kunolea. Beringi nazo zinaanza kulia. Kaboni na beringi ni bei ndogo kuliko alteneta iliyotumika ambayo hujui ilikotoka. Baada ya kuvuka mto, dereva akishafika pakavu, aoshe matope kwa maji yasiyo na nguvu, asielekeze bomba la kasi kwenye alteneta.

Kuna jaribio la asubuhi tulilolipenda. Gari ikiwa imelala usiku kucha, gusa alteneta kabla ya kuwasha. Iwe baridi kama chuma kingine. Ikiwa ina joto, dayodi inavuja na betri imekuwa ikimwagika humo usiku wote.

Mwizi wa usiku

Hiyo inatuleta kwenye shaka la nne. Kama betri inasoma 12.6 jioni na 12.0 asubuhi, kuna kinachokula, au betri yenyewe haishiki tena. Zima kila kitu, funga milango, ondoa waya wa kutoa wa betri, na weka mita katikati ya waya na betri ikiwa kwenye ampia 10, na ile waya nyekundu ya mita ikihamishwa kwenye tundu lake la ampia. Usijaribu kuwasha gari wakati huo, utaunguza mita. Ikizidi 0.05 hivi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Nusu ampia inaonekana kitu kidogo, lakini kwa siku ni 12, na kwa siku tatu imemaliza karibu nusu ya betri ya saa-ampia 75.

Ila mwizi mkubwa tunayemjua hana haja ya kutafutwa kwa mita. Ni kipaza sauti cha harambee na mazishi. Chombo kinachokula ampia 10 kwa saa tano, injini imezimwa, kimekula 50 kutoka kwenye ghala la 75. Kisha watu wanasukuma gari, inawaka, inaendeshwa dakika kumi mpaka sokoni na inazimwa. Katika dakika kumi alteneta ikirudisha ampia 20, umerudisha kama 3 tu. Betri ya kuwashia gari haikuumbwa kumwagwa hivyo. Ikikaa tupu siku kadhaa, sahani zinashika ukoko mgumu wa salfeti na haijai tena sawasawa. Simu za wanachama zinazochajiwa kwenye gari usiku wa mkutano ni kidogo, lakini kibadilisha stima cha kuendesha runinga si kidogo. Tunavyoona sisi, anayekodi gari kwa kipaza sauti aje na betri yake au alipie mafuta ya kuacha injini ikinguruma. Kikundi kimoja kilikataa pendekezo hili kwa sababu mkodishaji mkubwa alikuwa shemeji wa mwenyekiti. Hayo ni yenu kuamua.

Kwenye kitabu cha gari

Kikundi kile sasa hakilipi kipuri chochote cha stima mpaka namba ziandikwe. Mweka hazina, mama ambaye hajawahi kushika usukani, ndiye anayeuliza: Betri ilisoma ngapi ikilala? Ngapi stata ikizunguka? Ngapi injini ikinguruma, kwenye betri na kwenye alteneta? Fundi mmoja alikasirika akasema hawezi kufundishwa kazi na akina mama. Mwingine alipima akagundua kibano kimelegea, akalipwa shilingi 300, na sasa ndiye fundi wao.

Betri ile ya kwanza, iliyotupwa nyuma ya ghala la asali, ilichajiwa polepole siku nzima na kupimwa baada ya kulala. Ilisoma 12.5. Imefungwa kwa mwanachama mmoja mwenye pikapu na bado inawasha.

Dereva anabeba mita kwenye kisanduku cha mbele, msasa, mkanda wa akiba, spana ya 10 na ya 13, na kipande cha waya mnene wenye vibano miisho yote miwili. Kila Jumatatu asubuhi anaandika namba tatu kwenye kitabu cha safari. Tulipopita mara ya mwisho ukurasa ulisema 12.6, 10.4, 14.1, na chini yake kwa kalamu nyingine: mkanda umekazwa, maji yameongezwa shimo la pili na la tano.